Uzuri Kandokando ya Kifo: Filamu ya "Hadithi ya Tokyo" na Majonzi ya Japani baada ya Vita

Utangulizi

Kila mtumishi wa Kanisa aliyewahi kusimama kando ya kaburi anaijua hali hii: jeneza linateremshwa, wafiwa wanalia, na papo hapo jua linawaka vizuri, ndege wanaimba mitini, na upepo wa asubuhi unavuma kwa upole kana kwamba hakuna lililotokea. Wengi wetu tumeona haya kuutazama uzuri huo. Tumedhani kwamba kuutaja mbele ya mfiwa ni kumdhihaki, na kwamba mwenye majonzi ya kweli hana macho ya kuona kitu kizuri. Lakini je, ndivyo ilivyo? Na kama sivyo, uzuri unaouona mtu siku ya msiba unamwambia nini?

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa njia ya historia. Tutaiangalia kazi moja ya sanaa iliyotoka katika taifa lililokuwa limefiwa sana, nayo ni filamu iitwayo kwa Kijapani "Tokyo monogatari", yaani "Hadithi ya Tokyo", iliyoongozwa na Yasujiro Ozu na kuonyeshwa mara ya kwanza mwezi Novemba 1953. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, inahusu jambo la kawaida kabisa: wazee wawili wanawatembelea watoto wao mjini, wanarudi nyumbani, na mama anafariki. Pili, miaka saba tu kabla yake, katika nchi hiyo hiyo, mwanateolojia aliyelelewa katika Kanisa la Kilutheri alikuwa ametoa kitabu juu ya uchungu wa Mungu. Hatusemi kwamba mwongozaji huyo alikisoma kitabu hicho. Tunasema tu kwamba watu hao wawili waliishi chini ya wingu moja, na kwamba ni vema kuwasikiliza pamoja.

Mtu na nyakati zake

Ozu alizaliwa Tokyo, mtaa wa Fukagawa, tarehe 12 Desemba 1903. Alipokuwa mtoto wa miaka kama tisa au kumi, mama yake alihamia pamoja na watoto katika mji wa Matsusaka, nyumbani kwa asili ya baba yake, na baba akabaki Tokyo kwa ajili ya biashara. Hivyo mtu ambaye baadaye angesifiwa kwa kuonyesha familia zikiachana alikulia katika familia iliyoishi mbalimbali. Mwaka 1923 aliingia katika kampuni ya filamu ya Shochiku akiwa msaidizi wa mpiga picha, na mwaka huo huo, tarehe 1 Septemba, tetemeko kubwa la ardhi na moto uliofuata viliteketeza sehemu kubwa ya Tokyo na ya Yokohama. Alianza kuongoza filamu mwaka 1927, na karibu maisha yake yote aliifanyia kazi kampuni hiyo moja. Hakuoa. Baba yake alikufa mwaka 1934, naye akaendelea kuishi na mama yake mpaka mama huyo alipofariki mwaka 1962.

Vita navyo vilimpitia. Mwaka 1937 aliitwa jeshini, akapelekwa China pamoja na kikosi kilichohusika na silaha za kemikali, akakaa huko hadi 1939. Rafiki yake na mwongozaji mwenzake, Sadao Yamanaka, alifia China mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 28. Mwaka 1943 Ozu alipelekwa Singapore, akarudi nyumbani mwaka 1946 baada ya Japani kushindwa. Aliuacha mji na kuukuta majivu, kwa maana usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945 ndege za Marekani zilikuwa zimeuchoma upande wa mashariki wa Tokyo, ambako ndiko alikozaliwa, na watu wapatao 100,000 walikufa katika usiku huo mmoja. Mwezi Agosti wa mwaka huo mabomu ya atomiki yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki. Jumla ya Wajapani waliokufa katika vita inakadiriwa kuwa milioni 3 hivi. Kulikuwa na nyumba chache sana zisizokuwa na picha ya marehemu ukutani au kwenye rafu.

Nyumba iliyobadilika

Msomaji atakosea akidhani kwamba kisa cha "Hadithi ya Tokyo" ni cha watoto wabaya tu. Kuna historia nyuma yake. Kwa sheria ya zamani ya Japani, iliyotungwa mwishoni mwa karne ya 19, familia ilikuwa "ie", yaani nyumba yenye mkuu wake. Kwa kawaida mwana wa kwanza ndiye aliyeirithi, na pamoja na urithi akapokea wajibu wa kuwatunza wazazi na kuwaheshimu mababu. Baada ya vita, wakati majeshi ya Marekani yalipokuwa yameikalia nchi, sheria hiyo ilibadilishwa. Marekebisho yaliyotungwa mwaka 1947 na kuanza kutumika mwaka 1948 yaliondoa mamlaka ya mkuu wa nyumba, yakawapa watoto wote haki katika urithi, na kumpa mke nafasi iliyo sawa na ya mume. Mabadiliko hayo yaliwaletea wengi uhuru wa kweli, hasa wanawake. Lakini sheria inaweza kubadilika kwa siku moja, na moyo hauwezi. Wazee waliozoea njia moja walijikuta wakizeeka katika nyingine.

Pamoja na hayo watu walimiminika mijini. Ukaliaji wa Marekani ulikwisha tarehe 28 Aprili 1952, viwanda vikafufuka, na vijana wakaenda kutafuta maisha Tokyo na Osaka. Wajane wa vita nao walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa vijana. Mwaka 1952 ilitungwa sheria ya kuwasaidia wafiwa wa vita. Hata hivyo, msaada wa serikali haukujibu swali ambalo kila mjane alilibeba kimya: je, niendelee kuwa mke wa marehemu, au nianze upya?

Kisa chenyewe

Mzee Shukichi Hirayama na mkewe Tomi wanaishi Onomichi, mji mdogo wa bandari katika mkoa wa Hiroshima, kandokando ya Bahari ya Ndani ya Seto. Wanaye binti mdogo, Kyoko, mwalimu wa shule ya msingi. Watoto wengine wako mbali: Koichi ni daktari Tokyo, Shige ana saluni Tokyo, Keizo anafanya kazi ya reli Osaka, na Shoji alikufa vitani, akamwacha mjane aitwaye Noriko. Wazee wanasafiri kwa treni kwenda kuwaona watoto wao. Koichi ana wagonjwa. Shige ana wateja. Hakuna anayewatukana, ila kila mmoja ana shughuli. Mwishowe watoto wanachanga fedha na kuwapeleka wazee Atami, mji wa starehe penye chemchemi za maji ya moto, ambako kelele za vijana zinawanyima usingizi. Asubuhi yake, wakiwa wameketi juu ya ukuta wa bahari, Tomi anainuka na kushikwa na kizunguzungu. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza.

Anayewapokea kwa moyo ni Noriko, mkwe ambaye kwa damu si wao. Anaomba ruhusa kazini, anawatembeza mjini, anaazima pombe kwa jirani ili mzee apate cha kunywa, na usiku mmoja anamlaza Tomi katika chumba chake kimoja, kwenye matandiko ya marehemu Shoji. Wahenga wetu walisema kwamba udugu ni kufaana, si kufanana, na filamu hii ni kama ufafanuzi mrefu wa methali hiyo. Wazee wanarudi nyumbani. Njiani Tomi anaugua, na muda mfupi baadaye watoto wanapokea simu ya maandishi. Wanafika, anakufa kabla ya mapambazuko, anazikwa kwa ibada ya Kibudha. Baada ya chakula cha matanga Shige anaomba apewe kimono na mshipi wa mama kuwa ukumbusho. Wote wanaondoka usiku huo huo isipokuwa Noriko, anayebaki siku chache kumsaidia mzee. Mwisho naye anaondoka, na Shukichi anabaki nyumbani.

Jicho lililo chini

Sasa tuuangalie uzuri wenyewe. Ozu na mpiga picha wake, Yuharu Atsuta, waliiweka kamera chini sana, karibu na sakafu ya mikeka ya tatami, mahali ambapo macho ya mtu aliyeketi nyumbani yangekuwapo. Kamera karibu haisogei kabisa. Haiwafuati watu, inawangoja. Mtu anaingia chumbani, anaketi, anazungumza, anatoka, na chumba kinabaki mbele yetu kwa kitambo. Milango ya kusukuma, nguzo, birika, feni ya karatasi mkononi, nguo zilizoanikwa: kila kitu kiko mahali pake, kimepangwa kwa uangalifu kama vyombo juu ya altare.

Kati ya onyesho moja na jingine, Ozu huweka picha zisizo na kazi yoyote katika kisa: taa ya mawe ya hekaluni, mabomba ya moshi ya kiwanda, boti zikipita, treni ikikata mji, chupa zilizopangwa uani. Wataalamu wamebishana juu ya maana yake. Sisi tunaona kwamba picha hizo zinafanya kazi ambayo katika liturgia yetu hufanywa na ukimya: zinampa mtu nafasi ya kulipokea lililosemwa kabla ya kuitwa kusikia jingine. Tena zinashuhudia kwamba ulimwengu ulikuwapo kabla ya familia ya Hirayama na utakuwapo baada yao.

Wajapani wana neno la kale kwa hisia hii, "mono no aware", ambalo tunaweza kulieleza kuwa ni moyo kuguswa na vitu kwa kuwa vinapita. Aliyelifanya kuwa msingi wa mafundisho juu ya fasihi ni Motoori Norinaga (1730–1801), tabibu na mwanachuoni wa Matsusaka, mji ule ule alikokulia Ozu. Kwa Norinaga, mtu asiyeguswa na ua linaloanguka hajapata kuwa mtu kamili. Uzuri na kupita havitengani: ua ni zuri, nalo linaanguka, na moyo unayajua yote mawili kwa mara moja.

Alfajiri ya Onomichi

Haya yote yanakutana katika onyesho moja. Tomi amekufa. Watoto wameketi kuuzunguka mwili. Tunaonyeshwa bandari tupu, boti zilizofungwa, njia zisizo na watu, katika mwanga wa kwanza wa siku. Keizo anafika kutoka Osaka, amechelewa. Ndipo wanapotambua kwamba mzee hayumo chumbani. Noriko anatoka kumtafuta, anamkuta amesimama peke yake mahali pa juu penye taa za mawe, akiitazama bahari. Anamwambia kwamba Keizo amefika. Mzee anajibu kwamba mapambazuko yalikuwa mazuri, na kwamba leo pia kutakuwa na joto. Kisha anarudi nyumbani pamoja naye.

Maneno hayo yamewashangaza watazamaji wengi. Je, mtu aliyefiwa na mke saa chache zilizopita anazungumzia hali ya hewa? Je, hana uchungu? Chishu Ryu, aliyeigiza nafasi hiyo akiwa bado hajatimiza miaka 50, hatoi chozi. Tukumbuke kwamba Ryu mwenyewe alizaliwa katika hekalu la Kibudha huko Kumamoto, mwana wa kuhani, akatarajiwa kuishika kazi ya baba yake lakini akaenda katika uigizaji. Alizijua nyumba za msiba tangu utoto.

Sisi tunayafahamu maneno ya mzee kwa njia hii. Yeye hakuutazama mwanga wa alfajiri ili amsahau Tomi. Aliutazama kwa sababu kwa miaka mingi walikuwa wakiyaona mambo kama hayo pamoja, na hii ndiyo alfajiri ya kwanza ambayo Tomi haioni. Uzuri wake ndio unaoupima ukubwa wa pengo. Kama asubuhi ile ingekuwa mbaya, kupotea kwake kusingekuwa na hasara yoyote kwa marehemu. Mtu hulia kwa sababu ulimwengu ni mwema na mpendwa wake ameondolewa katika wema huo. Kwa hiyo uzuri haumdhihaki mfiwa, unamshuhudia. Tena mzee anasema kwamba kutakuwa na joto "leo pia". Siku inakuja, nayo ina kazi zake. Anarudi nyumbani kwa watoto.

Ungamo la Noriko

Lakini filamu haiishii kwenye alfajiri, na hapa ndipo tunaposihi wanafunzi wa teolojia wakae kwa muda. Kabla Noriko hajaondoka, Kyoko anawalaumu kaka na dada zake kwa ubinafsi. Noriko hamkemei. Anamweleza kwamba watoto wakikua huwa na maisha yao, na kwamba hata yeye huenda akawa hivyo. Kyoko anauliza kama basi maisha si ya kukatisha tamaa. Noriko, kwa tabasamu, anakubali kwamba ndivyo yalivyo.

Kisha anaketi na mkwewe. Mzee anamshukuru: yeye asiye wa damu yao amewatendea mema kuliko watoto wao wa kuwazaa. Anamsihi amsahau Shoji na kuolewa tena. Kwa msomaji wa Biblia ni vigumu kutosikia hapa sauti ya kitabu cha Ruthu, ambamo wanawake wa Bethlehemu wanamwambia Naomi kwamba mkwe wake ni bora kwake kuliko wana saba (Ruthu 4:15), na ambamo Naomi mwenyewe anawasihi wakweze warudi wakatafute raha katika nyumba za waume wengine. Lakini Noriko anafanya jambo ambalo Ruthu hakulifanya. Anakataa sifa. Anasema kwamba yeye si mwema kama wanavyodhani. Kwamba zipo siku nyingi ambazo hamkumbuki mume wake kabisa. Kwamba usiku anajiuliza itakuwaje akiendelea hivi, na moyo wake unangoja kitu asichokijua. Huko kusahau ndiko anakokuona kuwa ni hatia yake.

Ni nani kati yetu asiyemjua mfiwa huyu? Anakuja kwa mchungaji miaka kadhaa baada ya mazishi, anazungumza juu ya mambo mengine, na mwisho anakiri kwa aibu kwamba wiki nzima imepita bila kumkumbuka marehemu. Tumezoea kuwafariji wanaolia. Hatukuandaliwa vya kutosha kuwafariji wanaoona haya kwa kuwa wameacha kulia. Shukichi, mzee asiye na elimu ya dini, anamjibu vizuri kuliko wengi wetu. Anasikiliza. Hakanushi ungamo wala haligeuzi kuwa hotuba. Anamwambia kwamba anasema kweli, na anampa saa ndogo ya Tomi, ambayo marehemu aliitumia tangu alipokuwa na umri kama wa Noriko. Ndipo Noriko anapolia. Katika treni ya kurudi Tokyo tunamwona akiishika saa hiyo mikononi. Amepewa wakati: si wakati wa marehemu uliosimama, bali saa inayokwenda.

Uchungu wa Mungu

Mwaka 1946, kati ya magofu ya Tokyo, Kazoh Kitamori alitoa kitabu chake juu ya teolojia ya uchungu wa Mungu. Kitamori alizaliwa Kumamoto mwaka 1916, akasoma katika seminari ya Kilutheri Tokyo, kisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Kyoto. Baadaye alikuwa mwalimu na mchungaji katika Kanisa la Muungano la Kristo la Japani, hadi alipofariki mwaka 1998. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1965, kikawa mojawapo ya vitabu vya kwanza vya teolojia ya Asia kusomwa sana nje ya Asia. Msingi wake ni Yeremia 31:20, mahali ambapo Mungu anataabika moyoni kwa ajili ya Efraimu aliyemwasi. Kitamori, akimfuata Luther na teolojia ya msalaba, alifundisha kwamba uchungu huo ni upendo wa Mungu unaomkumbatia yule ambaye kwa haki asingekumbatiwa.

Ili kulieleza hilo kwa watu wake, alitumia neno "tsurasa", ambalo ndilo uti wa mgongo wa tamthilia za kabuki: uchungu wa mtu anayejitoa, au anayemtoa mpendwa wake, kwa ajili ya mwingine, naye akauficha uchungu huo moyoni. Mfano wake ni Matsuo katika mchezo wa "Terakoya", anayemwacha mwanawe auawe mahali pa mtoto wa bwana wake. Mtazamaji wa Kijapani anaujua uchungu huo bila kufundishwa, na Kitamori akasema kwamba hapo ulipo ndipo Injili inapoweza kusikika.

Hapa ni lazima tuwe waangalifu. Historia inaonyesha kwamba uzuri wa uchungu uliofichwa unaweza kutumiwa vibaya. Katika miaka ya vita, mama wa askari alitarajiwa kupokea habari ya kifo cha mwanawe bila kulia mbele ya watu, na utulivu huo ulisifiwa kuwa fahari ya taifa. Matsuo naye anamtoa mtoto kwa ajili ya bwana. Wako waliouliza kama mfano huo unafaa kumweleza Baba wa Yesu Kristo. Na filamu ya Ozu yenyewe ina ukimya unaotusumbua. Inamlilia Shoji, na rafiki mmoja wa Shukichi aliyepoteza wana wawili anakaa nao mezani kwa pombe na huzuni. Lakini hakuna anayeuliza ni familia ngapi za China zilizofiwa kwa mikono ya majeshi ambayo Ozu mwenyewe aliyatumikia. Alfajiri nzuri ya Onomichi haituambii habari zao. Uzuri ambao hauna nafasi kwa machozi ya jirani bado haujakamilika.

Tunayasema haya si kwa kumhukumu mwongozaji. Tunayasema kwa sababu mhubiri naye anaweza kutenda kosa lilo hilo: kuwafariji walio wake kwa maneno mazuri, na kuwanyamazia waliojeruhiwa nao. Hapo ndipo Kitamori anapokwenda mbele kuliko sanaa. Uchungu anaouhubiri si wa wafiwa wa taifa moja. Ni uchungu wa Mungu kwa ajili ya adui zake. Na katika Injili uchungu huo haufichwi. Kaburini pa Lazaro, Bwana alilia mbele ya watu wote (Yohana 11:35), ingawa alijua atakalolifanya.

Baada ya Ozu

Ozu alifariki tarehe 12 Desemba 1963, siku alipotimiza miaka 60. Alizikwa katika hekalu la Engaku-ji, Kita-Kamakura, na juu ya jiwe la kaburi lake limeandikwa neno moja tu, "mu", yaani utupu, pasipo kitu. Nje ya Japani filamu yake ilichelewa kujulikana, kwa kuwa ilidhaniwa kuwa ya Kijapani mno. Ilipata tuzo ya Sutherland mjini London mwaka 1958, na mwaka 2012 waongozaji wa filamu wa nchi nyingi, walipoulizwa na jarida la Uingereza la Sight and Sound, waliiweka ya kwanza kati ya filamu zote.

Mbegu yake iliota. Mwaka 1995 Hirokazu Kore-eda alitoa "Maborosi", filamu yake ya kwanza ya kisa. Yumiko, mama kijana, anafiwa na mume aliyegongwa na treni, na dalili zote ni kwamba mtu huyo aliyataka mauti mwenyewe. Anaolewa tena katika kijiji cha wavuvi, rasi ya Noto. Picha nyingi zimepigwa kwa mwanga wa asili, mara nyingi kwa mbali, hata uso wa mfiwa hauonekani vizuri. Katika onyesho moja msafara wa mazishi unapita ukingoni mwa bahari, watu wadogo kama chungu chini ya mbingu pana, na Yumiko anaufuata. Hapo ufukweni anamwuliza mume wake wa sasa swali lililomtesa: kwa nini yule wa kwanza alikufa? Anajibiwa kwa habari ya mwanga wa ajabu ambao wavuvi huuona baharini ukiwaita. Si ufafanuzi. Ila swali limetoka kinywani, na mtu amelisikia.

Hitimisho

Tumeuliza kama uzuri una nafasi katika nyumba ya msiba. Historia tuliyoipitia inatufundisha mambo matatu. Kwanza, mfiwa anayeyaona mapambazuko si mtu asiye na upendo. Huenda ndiye anayejua zaidi kilichopotea. Basi tusiharakishe kumfumba macho, wala tusiharakishe kumfunga kwa maneno. Pili, uzuri unashuhudia lakini hauponyi. Noriko hakufarijiwa na bahari bali na mtu aliyeusikia ukweli wake bila kumhukumu. Huduma hiyo ya kusikia ungamo la waliosahau ni deni letu, kwa maana sisi tumekabidhiwa neno la ondoleo ambalo mzee wa Onomichi hakuwa nalo, na bado alitenda kwa saa ndogo kile ambacho mara nyingi hatukitendi kwa neno hilo. Tatu, majonzi yanayojitazama yenyewe tu, hata yakiwa mazuri namna gani, yanaweza kuwasahau wafiwa walio ng'ambo.

Katika picha za mwisho za filamu, Shukichi ameketi mahali pale pale alipokuwa ameketi na Tomi mwanzoni, wakifunga mizigo ya safari. Jirani yule yule anapita dirishani na kumpa pole. Mzee anajibu kwamba akiwa peke yake siku zitakuwa ndefu. Nje, boti inapita baharini. Ozu anaishia hapo, naye ana haki ya kuishia hapo, kwa kuwa hakuwa na la kuongeza. Mchungaji anapofika kwenye nyumba kama hiyo, analo la kuongeza. Lakini na aingie, aketi sakafuni pamoja na mzee, aitazame bahari ile kwa kitambo, ndipo afumbue kinywa chake.